Kisogo cha Domina

Mapenzi hufichika. Waliosema kwamba mapenzi ni kikohozi hawakuwahi kuishi msituni na magorila. Kule kikohozi ni onyo: dume akikohoa, keti chini upesi ama utakiona cha mtema kuni. Na mapenzi kule hufichwa, tena hufichwa mahali ambapo mtu wa mjini hawezi hata kufikiria kuyatafuta. Domina aliyajua haya baada ya kukaa mwaka na ushee, akiwa mwanafunzi, kwenye kituo cha utafiti wa magorila milimani Kivu, nchini Zaire. Tatizo lake ni kwamba hakuwa amemweleza mtu yeyote, na leo, Jumapili ya mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka na kuwa matope nje ya ghorofa za Bredäng, mtaa mmoja wa Stockholm, watu walikuwa wamekuja kumposa.

Walikuja wakiwa wamevaa wakapendeza. Mshenga alikuwa Mzee Matayo, dereva wa basi, aliyevalia kanzu nyeupe na koti juu yake kama wafanyavyo Waganda, na miguuni, kwa sababu ya hali ya hewa, buti za mpira ambazo mwenye nyumba alimwomba kwa heshima azivulie mlangoni. Noeline, dada mkubwa wa Samwiri, alikuwa na gomesi ya zambarau, vazi la heshima la Kiganda, iliyojaza nusu ya kochi. Samwiri, mposaji mwenyewe, alibanwa kati yao. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha uchapaji, mtu aliyeweza kuwachekesha Waswidi ndani ya treni, jambo ambalo Watanzania na Waganda wa Stockholm walilihesabu kuwa muujiza. Leo hakumchekesha mtu.

Domina alikaa mkekani, miguuni pa mama yake mdogo Gaudiosa. Kwa kuwa baba na mama walikuwa mbali kule Bukoba, baba mdogo Deusdedit na mkewe ndio waliosimama mahali pao. Alikaa kiubavu, bega likielekea kwa wageni, macho yakiwa kwenye upindo wa mkeka.

"Binti huyu amelelewa," alisema Mzee Matayo. Kiswahili chake alikipata kwenye reli, Nairobi na Jinja, na alikitumia kwa raha kama mtu anayeendesha gari lake mwenyewe. "Ulaya hii yote, masomo haya yote, na bado hawezi kumwinulia mwanamume macho. Mimi nasema Mungu yupo."

Baba mdogo Deusdedit alijinyoosha kwa fahari. Hata Noeline, ambaye tangu mwanzo hakumtaka Mhaya, tena Mkatoliki, tena mwenye vitabu, alitikisa kichwa kukubali kwamba kwa hilo hakuwa na neno.

Samwiri peke yake ndiye aliyeumia. Yeye alimjua Domina wa zamani, yule aliyemkodolea macho mara ya kwanza walipokutana kwenye sherehe ya Watanzania, akamwambia bila kupepesa kwamba anacheza dansi kama anayetafuta funguo. Huyo ndiye aliyempenda. Macho hayo ndiyo aliyoyangoja mwaka mzima.

Akaenda kuyapokea Arlanda. Alipomwona anatokea na mizigo yake, amekonda, ngozi imekolea jua la mlimani, alipanua mikono, maua yakiwa katika mkono mmoja. Domina akapinda bega. Akasimama kiubavu, akitazama sakafu. Kisha, mbele ya umati wote wa uwanja wa ndege, akamgeuzia mgongo, akakaa hivyo kitambo, kisogo chake kikikaribia kidevu cha Samwiri, kama mtu anayengoja basi. Samwiri aliishusha mikono yake taratibu. Ndani ya gari walizungumza habari za baridi.

Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyegundua kitu. Stockholm ulikuwa mji wa kumfaa Domina: ndani ya treni hakuna anayemtazama mwenzake, kila mtu amekaa kiubavu akiangalia dirisha lenye giza. Angeweza kuishi hivyo miaka hamsini asiulizwe swali, isipokuwa na mtu mmoja tu aliyeyatafuta macho yake.

Mazungumzo ya posa yalikwenda kwa mwendo wake wa mafumbo. Mzee Matayo alieleza kwamba walipita tu barabarani, wakanusa harufu njema kutoka nyumba hii. Deusdedit akajibu kwamba nyumba hii ni maskini, labda wamenusa kwa jirani. Wakacheka pale panapochekwa. Mama mdogo Gaudiosa akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo dada yake alizituma kutoka Bukoba, akakiweka mkononi mwa Domina. Kazi yake ilikuwa nyepesi: atulie nacho hadi atakapoambiwa, kisha akipeleke kwa wageni kwa magoti, mkubwa kwanza. Wahaya na Waganda wote waliijua lugha hiyo. Ndiyo sababu Gaudiosa aliitoa kahawa hiyo. Mkono wa mgeni ukiingia kikapuni, moyo umefunguka.

Hapo ndipo Noeline alipoona aongeze utamu.

Alisema wao hawakuwa watu wa kubahatisha. Alisema wengine walimwonya kwamba huyu binti ana mwenzake huko porini. "Nikawaambia, sisi twende tu na posa yetu, ingawa mwenzetu ana fedha mgongoni," alisema, na Mzee Matayo, aliyekwisha kusikia habari za madume yenye mgongo wa rangi ya fedha, alicheka mpaka akajipiga paja. "Lakini msitu umekwisha. Mdogo wangu si mtu wa mzaha. Ameshazungumza na profesa wa binti, yeye mwenyewe, kwa simu. Nafasi ya kurudi huko wampe mtu mwingine. Bibi arusi wetu ana kazi nyumbani."

Chumba kiliitikia kwa furaha. Deusdedit alimgeukia Domina kumpongeza.

Domina hakusikia pongezi. Moyo ulimwenda mbio kama siku ile Bega alipomjia. Bega lilikuwa jina walilompa dume mkubwa, kwa sababu ya kovu lake. Siku hiyo alitoka kichakani akipasua matawi, mdomo wazi, na Mashauri, mfuata nyayo wa kituo, alimnong'oneza kutoka nyuma kwa Kiswahili cha kwao: "Usimuangalie mu macho, dada. Kula. Kula majani." Domina akainama, akang'oa shina chungu, akatafuna. Bega alisimama karibu yake kiasi cha kumpulizia joto la pumzi. Kisha akaketi. Tangu siku hiyo Domina alitafuna kila hatari ilipokuja, hakuhitaji kuambiwa. Kilikuwa kitu cha mkono na taya, si cha akili.

Na sasa mkono uliingia kikapuni. Akainamisha kichwa, akatafuna buni. Akachukua nyingine. Akatafuna.

Aliposhtuka, mama yake mdogo alikuwa amemshika bega.

"Nimeona vibaya?" aliuliza Noeline. "Anakula mbele yetu? Kabla yetu? Kahawa ya wageni?"

Deusdedit alianza kusema kitu kuhusu uchovu wa safari. Domina akaweka kikapu chini, akainuka, akasema anakwenda kutoa nguo mashineni chini, na akatoka kabla mtu hajamkumbusha kwamba siku ya kuposwa mtu hatoi nguo.

*

Chumba cha kufulia cha jengo kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha. Mashine ya kukaushia ilikuwa inazungusha vitambaa vya meza vya Gaudiosa. Domina aliegemea joto lake. Alizitambua hatua za Samwiri kwenye ngazi kabla hajafika.

Samwiri alifunga mlango nyuma yake. Hakumsogelea.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nani?"

"Usinifanye mtoto, Domina. Huyo uliyemwacha huko. Tangu Arlanda hujaniangalia hata mara moja. Macho ya mtu hayahami bure."

"Tuanze na profesa."

"Nilimpigia."

"Lini?"

"Wiki uliyorudi."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba unaolewa. Kwamba safari ya mwezi wa sita haitakuwepo."

"Kwa Kiswidi?"

"Kwa Kiswidi."

"Ukatafuta maneno mazuri."

"Nilifanya mazoezi kwanza," alisema Samwiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli hata anapokosa, aliongeza kwamba profesa alishukuru kwa taarifa na kumpa hongera.

Hongera. Walipeana hongera, wanaume wawili kwenye waya wa simu, juu ya maisha yake, naye Domina alikuwa wapi? Labda kwenye foleni ya maziwa.

"Na wewe?" Samwiri alisema. "Ulikuwa uniambie lini kwamba unarudi? Nilisikia kwa mwanafunzi mwenzako. Kwa mtu baki, Domina. Mpaka leo hujafungua mdomo."

"Nilitaka kukuambia asubuhi ya leo, kabla hawajafika."

"Ikawaje?"

"Ulikuja umenyoa vizuri."

Lilikuwa jibu la kijinga na la kweli, na kwa dakika hiyo lilikaribia kuwachekesha wote wawili. Halikufaulu. Mashine ilizunguka. Samwiri alisogea hatua moja, na Domina, bila kutaka, akapinda bega.

"Unaona?" alisema Samwiri kwa sauti ya chini. "Unaona unavyonifanya? Nilikupa manukato, hukuyapaka hata siku moja. Nakuja mbele, unakwenda upande. Niambie jina lake nijue nimeshindwa na nani."

"Anaitwa Bega," alisema Domina. "Ana manyoya."

"Usinidhihaki."

"Sikudhihaki. Keti."

Hapakuwa na kiti. Samwiri aliketi juu ya kapu la nguo lililogeuzwa, magoti yakamfika kifuani, na Domina akamweleza, akiisemesha mashine zaidi kuliko yeye. Alimweleza kwamba kule kumkazia macho mwenzako ni kumwambia tupigane. Anayetaka amani hutazama majani, hutazama kucha zake, hutafuna. Alimweleza habari ya sabuni isiyo na harufu na manukato aliyoyaacha mjini Bukavu, kwa kuwa kundi lisilokujua harufu halikai. Miezi ya kwanza hakuona kitu zaidi ya vinyesi na matawi yaliyovunjika. Halafu mgongo, mbali. Halafu siku ya Bega. Halafu jike mmoja mwenye mtoto aliyepoteza vidole kwenye mtego wa kunasia paa alikuja akaketi karibu naye mvua inanyesha, akamnyonyesha mwanawe hapo hapo.

"Hakuna mwingine wanayemruhusu," alisema. "Si kwa sababu mimi ni hodari. Ni kwa sababu nilikaa. Tukiwafuata, tunaondoa mitego njiani. Akienda mtu mpya watamkimbia mwaka mzima, na mwaka huo mitego itabaki. Hicho ndicho ulichokigawa kwa simu."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Samwiri aliutazama mkono wake mwenyewe. "Sawa. Macho nimeyaelewa. Lakini Arlanda hukunikwepa macho tu. Ulinigeuzia mgongo. Watu waliona. Kwetu, na kwenu pia, anayenipa kisogo amenikataa."

Domina alihisi uso unamwaka. Hili ndilo aliloliogopa kuliko lile la kuondoka, maana la kuondoka lilikuwa na sababu, na hili lilikuwa uchi.

"Bega aliponiamini," alisema, "hakuja kunitazama. Alikuja akaketi mbele yangu na kunipa mgongo. Mnyama kama yule, asiyempa mtu nyuma yake hata akilala. Kule hakuna zaidi ya hapo, Samu. Mwenye kukupa mgongo amekupa roho yake uishike. Nilikuwaza mwaka mzima. Nilipokuona pale na maua yako mwili wangu haukukumbuka ya mjini. Nilikupa kubwa nililokuwa nalo. Ukashusha mikono."

Mlango ukafunguka. Mwanamke mmoja wa Kiswidi, wa ghorofa ya tatu, aliingia na kapu lake, akasema hej, salamu ya kwao, akatazama saa ukutani, kwa kuwa zamu ya kufua sasa ilikuwa yake, akaona yaliyopo, akaanza kuisoma kwa makini orodha ya masharti ya chumba kama vile alikuwa anaiona mara ya kwanza. Hakuwatazama. Hata huyu anajua, Domina aliwaza.

"Basi niangalie sasa," alisema Samwiri, kwa Kiswahili, kana kwamba mwanamke yule ni ukuta.

Domina alijaribu. Macho yalifika kwenye tai yake, yakapanda hadi kidevuni, yakateleza.

"Siwezi kwa amri."

"Basi usiende. Hilo waweza." Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Mimi kila nilichokiaga hakijarudi. Niliaga nyumba. Nilimuaga mama, nikasikia kifo chake nikiwa kwenye zamu. Siku nilipokuaga wewe nilirudi kwangu Rågsved nikalala na viatu. Sikumpigia profesa kukufunga. Nilimpigia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuaga tena."

Mashine ya kukaushia ilisimama.

"Maneno hayo," alisema Domina, "ungeniambia mimi. Yalikuwa yangu. Ukampa yeye ya Kiswidi."

Alitoa vitambaa vya meza, bado vya moto, akavikumbatia. Mwanamke wa Kiswidi akashukuru. Wakapanda ngazi, Samwiri mbele, Domina nyuma. Kila kidato kilimwambia Domina kwamba yamekwisha. Mbele ya mlango wa Deusdedit Samwiri alisimama, mkono kwenye kitasa, asifungue. Kisha akarudi nyuma, nusu hatua tu. Mgongo wake, ndani ya koti lake la Jumapili, ukagusa vile vitambaa vya moto na kuegemea hapo. Hakugeuka. Alikaa hivyo, kisogo chake kimeinama mbele ya uso wa Domina, kisogo kilichonyolewa kwa ajili ya siku hii, chenye mkwaruzo mdogo wa wembe.

Domina aliacha kupumua. Hakuna aliyekuwa amemfundisha mtu huyu. Alikuwa amesikia mara moja tu, juu ya kapu la nguo.

Samwiri akafungua mlango.

*

Ndani, kikapu cha kahawa kilikuwa palepale sakafuni, na wageni walikuwa wameshavaa makoti. Mzee Matayo alishika buti zake mkononi. Ilionekana kwamba Deusdedit alikuwa amewasihi kwa muda mrefu, maana sauti ilimkauka.

Noeline alisema yeye hakuwa na haja ya maneno marefu. Alikuwa ametukanwa. Binti amekula kahawa ya wageni kama mtu aliyeko peke yake jikoni, ametoka bila ruhusa, na kwa dalili hizo msitu haujakwisha.

"Dada," alisema Samwiri, "profesa nilimpigia kwa siri. Domina hakujua. Amelisikia kwako, leo, mbele ya watu. Kosa ni langu."

Hilo lilimyumbisha Noeline, lakini alikuwa mwanamke aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipougua, na hakuwa wa kuyumba mara mbili.

"Hata hivyo," alisema. "Wewe nitakushughulikia nyumbani. Yeye apige magoti aombe radhi. Kwa kahawa, na kwa huo msitu. Aseme ameuacha."

Mzee Matayo aliweka buti chini. Alimsogelea Domina na kumwambia kwa upole, kama anavyomwambia abiria aliyepanda basi lisilo lake, kwamba jambo lenyewe ni dogo. Neno moja. Akilisema, yeye mwenyewe ataingiza mkono kikapuni wa kwanza, na kesho hakuna atakayekumbuka. Gaudiosa alimnong'oneza kwa Kihaya aseme tu, neno halitoboi ulimi. Deusdedit alimtazama tu, mtu mzima aliyevaa tai yake bora, akimsihi asimwaibishe mbele ya Waganda.

Domina aliweka vitambaa juu ya kiti. Akapiga magoti mkekani. Gaudiosa akashusha pumzi.

"Dada Noeline," alisema, "nakupigia magoti kwa kuwa umetoka kwako Hagsätra na matope haya kuja kunitaka. Mzee wangu Matayo, nakupigia magoti kwa kinywa chako kizuri. Baba mdogo, mama mdogo, nanyi pia, mmenisimamia. Kahawa nimeila. Nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa natafuna. Kesho asubuhi nampigia profesa mwenyewe, na mwezi wa sita narudi kituoni."

Kisha akainua macho.

Yalipita gomesi ya zambarau, yakapita tai, yakapita kidevu. Mwili wote ulimwambia ayashushe, damu ikampiga masikioni, mkono ukataka kutafuta kitu cha kutafuna. Akaukunja. Akamtazama Samwiri machoni, wazi, bila kupepesa, kama usiku ule wa dansi, na akaona macho ya mwanamume yule yakijaa maji, naye hakukwepa.

"Huyu nampenda," alisema, akimsemesha Noeline lakini hakumwacha Samwiri kwa macho. "Akiniaga nitarudi. Akichoka kungoja, nitalia, na nitarudi vilevile."

"Na radhi?" aliuliza Noeline.

"Magoti nimepiga," alisema Domina. "Radhi siombi."